Mwenye kiwanda ndo mwenye madini

Jamani hii galiamu mnayoisikia kila siku China na Marekani wakivutana, wala sio adimu kihivyo. Ni metali laini inayoyeyuka kwenye nyuzi 29.8 tu, yaani iache mezani Dar mwezi wa pili, ukirudi unakuta uji. Haina hata mgodi wake, iko kidogokidogo ndani ya boksaiti ile ile ya alumini, kwa hiyo anayeipata ni yule mwenye kiwanda na uvumilivu wa kuichuja. Marekani waliacha kuizalisha 1987, Ujerumani 2016, maana China alikuwa anauza bei ya chee, sasa nani ahangaike? Matokeo yake China ana karibu asilimia 98 ya galiamu ghafi duniani, kuanzia Agosti 2023 galiamu na metali nyingine, jemaniamu, zikawa hazitoki bila leseni, Desemba 2024 akamfungia Marekani kabisa na metali ya tatu, antimoni, akaongeza humo humo. Novemba 2025 kalegeza kwa mwaka mmoja baada ya Trump na Xi kukutana Busan, ila ufunguo bado uko mfukoni mwake. Mi sikuwahurumia, samahani. Umefunga duka lako mwenyewe halafu unalia jirani kapandisha bei?

Kinachoniuma mimi ni Lubumbashi, kule Kongo. Pale mjini kuna lundo jeusi la mabaki ya kuyeyusha shaba, kubwa kama mlima, liko na lile bomba refu la moshi, wenyeji wanaliita terril. Kumbe humo ndani mna kobalti, zinki na hiyo jemaniamu ya nyaya za faiba na miwani ya kuonea usiku! Kampuni tanzu ya Gécamines, shirika la madini la serikali ya Kongo, ikajenga kiwanda cha kuyachambua, Oktoba 2024 mzigo wa kwanza wa jemaniamu ukaondoka kwenda wapi? Ubelgiji, kwa Umicore. Na Umicore ni nani, ndo wale wale Union Minière wa enzi za mkoloni walioanza kuyeyusha shaba hapo hapo Lubumbashi 1911, jina tu wamebadili 2001. Mabaki yalianza kurundikwa enzi zao, Wakongo wameyachekecha, sasa wanawapelekea wamalizie kuyasafisha.

Sisemi dili ni baya, angalau hatua ya kwanza inafanyika nyumbani, wangeweza kuliuza lundo zima kama lilivyo. Lakini mzigo uliopanda meli bado hauwezi kuingia kwenye faiba, na pesa nene iko kwenye hatua zile zilizobaki.

Na sisi Watanzania tusicheke. Ngualla kule Songwe tuna madini adimu ya sumaku za magari ya umeme, kampuni ya Australia iliyokuwa na mradi imenunuliwa na Shenghe ya China mwaka 2025, na watu mitandaoni wakaanza oh tumeuzwa kwa Mchina. Sasa kabla ya Mchina mpango ulikuwaje? Mzigo ukasafishiwe Teesside, Uingereza.

Songwe ilikuwa ibaki na shimo tangu zamani.