Eti Nina Nyumba Ndogo Nebraska

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja, aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni, amekwisha kusambaza katika vikundi vya WhatsApp habari kwamba nina nyumba ndogo Nebraska, ninaomba nami nisikilizwe kabla mama mkwe hajapiga simu.

Mnaonifahamu mnajua kwamba ninaishi Kansas City, upande wa Missouri, na kwamba mwajiri wangu hunituma kutengeneza majokofu ya maduka popote yanapoharibika: mara Kansas, ng'ambo ya barabara tu, mara Omaha, kule Nebraska, ambako hulazimika kulala hotelini. Jumamosi tulikwenda, mimi na Mama Asha, kwenye ukumbi ambako watu wa kujitolea huwajazia wananchi ritani za kodi bila malipo.

Mzee aliyetuhudumia aliichukua fomu yangu ya W-2, ile ambayo mwajiri huonyesha mshahara wa mwaka na kodi iliyokatwa, akaweka miwani sawa, akagundua kwamba kuna karatasi ya pili, akazilaza zote mbili mezani. "Missouri," akasoma kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, kidole kikiwa kwenye kisanduku cha 15, akaitaja namba ya mwajiri. "Kansas," na namba nyingine. Akavuta pumzi, akahamia karatasi ya pili. "Nebraska," na namba ya tatu. Akaniuliza kama nina waajiri watatu. Kabla sijafungua kinywa, Mama Asha, ambaye huuza vitenge na hapigwi chenga na hesabu, alikuwa amekwisha kujumlisha kisanduku cha 16, cha mshahara wa kila jimbo: 41,000, 14,000 na 6,000.

"Baba Asha," akasema, kila silabi ikisikika hadi mlangoni, "nyumbani unaniambia ni elfu arobaini na moja. Hizi elfu ishirini nyingine anakula nani?"

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nilifuta jasho, nikatabasamu, nikasema, "Ni Nebraska tu." Nyuma yetu mtu akakohoa, kikohozi cha Kiswahili kabisa. Nikaona nijitetee zaidi, nikaongeza kwamba Kansas huwa sikai sana.

(Ninyi mnaocheka mkiwa Texas na Florida, ambako jimbo halitozi kodi ya mshahara, nimewaona.)

Aliyeniokoa ni yule mzee. Kila jimbo humpa mwajiri namba yake, lakini namba ya shirikisho ni ileile kwenye karatasi zote mbili. Fomu ina nafasi ya majimbo mawili tu, hivyo la tatu likasukumwa kwenye karatasi ya pili, ambayo kisanduku chake cha 1, cha mshahara unaotozwa kodi ya shirikisho, kilikuwa kitupu. Missouri, kwa kuwa ndiko ninakoishi, huhesabu mshahara wote popote nilipoufanyia kazi, na kwa hiyo zile elfu ishirini zilikuwa ndani ya arobaini na moja tangu mwanzo. Tukajaza ritani za majimbo yote matatu, Missouri ikanipunguzia kodi kwa sababu ya ile iliyokwenda kwa majirani zake, tukaondoka.

Rafiki yangu alikuwapo kwa maelezo hayo yote, ila katika ujumbe wake hayamo. Marejesho ya Nebraska yataingia kwenye akaunti ya Mama Asha. Alimwandikisha mzee namba mwenyewe, nami sikuulizwa.