Mijeledi 75 mgongoni, halafu mnamwita msaliti

Dakika kumi na moja. Hiyo ndiyo sauti iliyorushwa kwenye grupu letu la WhatsApp baada ya sala ya Ijumaa, na mimi mjinga nikaisikiliza mpaka mwisho. Mzungumzaji ana sauti nzuri, mashallah, na Kiarabu chake kimenyooka. Anatueleza kwamba Waislamu waliofanya kazi na Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa Urusi, kule Bukhara na Tashkent, Asia ya Kati, waliuza dini, na risasi za Stalin ndiyo malipo yao ya hapa hapa duniani. Chini yake takbiri zikafuatana.

Jioni barazani nikakutana na upande wa pili. Mzee wetu mmoja, komredi wa zamani, akasema wale walikuwa watoto wa matajiri waliojipenyeza kwenye mapinduzi ya wanyonge. Basi huku wasaliti wa dini, huku wasaliti wa mapinduzi. Kahawa ikanishuka chungu kuliko kawaida yake.

Ngojeni kwanza. Kabla ya Stalin kulikuwa na Amiri.

Aprili 1917, Alim Khan, Amiri aliyetawala Bukhara, alitangaza mageuzi. Vijana wakajitokeza barabarani kumshukuru. Kumshukuru! Akawakamata. Mmoja wa waliotiwa ndani siku zile alikuwa Sadriddin Ayni, mwalimu na mshairi, mtu aliyesomea madrasa za mji ule ule. Alichapwa mijeledi 75. Wanajeshi wa Kirusi ndio waliomtoa, akapelekwa hospitali ya Kagan. Ipo picha yake, mgongo wazi. Itazameni kabla ya kurusha sauti nyingine.

Na kosa lao kubwa lilikuwa nini? Chuo. Walitaka mtoto afundishwe herufi kwa sauti zake asome mwenyewe, badala ya kukaririshwa miaka na miaka asichokielewa. Wakaongeza hesabu na jiografia. Ndiyo maana wakaitwa Majadidi, watu wa njia mpya. Hayo si mageni kwetu. Sheikh Al-Amin Mazrui alipigania mambo yanayofanana Mombasa, akatoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, akabishiwa weee, kisha akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwenzake wa kule, Mahmudkhoja Behbudi, mufti mzima wa Samarkand, alikamatwa na watu wa Amiri mwaka 1919 akauawa Qarshi.

Sasa niambieni, wangemkimbilia nani? Istanbul, alikosomea mwandishi Abdurauf Fitrat, mmoja wao, ilikuwa imezama vitani, kisha ikashindwa. Mwingereza? Mwulizeni Mhindi wa miaka ile. Machi 1918 Vijana wa Bukhara, chama cha wanamageuzi hao, walijaribu kumng'oa Amiri kwa msaada wa Wabolsheviki wa Tashkent, wakashindwa, naye akageuka kuchinja kila aliyenuka ujadidi. Mfa maji haulizi kamba imetoka duka la nani.

Haya, moja nawapa, tena kwa shingo upande. Mwaka 1920 Jeshi Jekundu la Wabolsheviki chini ya kamanda Frunze liliipiga Bukhara kwa mizinga na ndege, mji ukaungua, hata mnara wa Kalon ukajeruhiwa. Wanamageuzi wetu waliingia mjini nyuma ya mizinga hiyo. Hilo halifutiki.

Lakini tazameni walichofanya baada ya kuingia. Fayzulla Khojaev, mtoto wa mfanyabiashara tajiri sana, ana miaka 24, anaongoza serikali ya Jamhuri ya Watu ya Bukhara. Fitrat anashika elimu. Mwaka 1922 wanapeleka makumi ya vijana kusoma Ujerumani. Mtu anayejua ameuza nchi hapeleki watoto wa nchi hiyo Ujerumani wakasome waje kuiendesha. Usman Khoja, mkuu wa jamhuri yenyewe, alishaona mambo yanaharibika mwaka 1921, akaenda upande wa Wabasmachi, waasi waliopigana na Wabolsheviki. Khojaev akabaki. Moscow ikawaondoa mawaziri wake mwaka 1923, Fitrat akiwemo. Akabaki. Jamhuri ikafutwa mwaka 1924, yeye akasukuma izaliwe Uzbekistan, akaongoza serikali yake mpaka 1937. Mnaita uroho wa cheo. Labda ulikuwepo, binadamu ni binadamu. Mimi naona mtu aliyekubali kupoteza chumba baada ya chumba ili nyumba isimame.

Kuhusu Hujum, kampeni ya Wasovieti ya 1927, wanawake kuvuliwa mabaibui hadharani halafu kuuawa na ndugu zao wenyewe, sina la kutetea upande wowote.

Kinachoniuma zaidi ni herufi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Wauzbeki walihamishwa kutoka herufi za Kiarabu kwenda za Kilatini, mwaka 1940 wakahamishwa tena kwenda za Kirusi. Mjukuu hamsomi babu. Mimi nina bahasha ya barua za bibi yangu, Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu, na nyumbani kwetu anayeweza kuzisoma bila kukwama ni shangazi mmoja tu, na macho yake yameanza kufifia. Kwetu hakuna aliyepigwa risasi kwa ajili ya alfabeti. Kule waandishi wenyewe walipigwa.

Machi 1938 Khojaev alisimamishwa kizimbani Moscow pamoja na Bukharin, kiongozi wa zamani wa Wabolsheviki, akakiri kwamba alitaka kuikabidhi Uzbekistan kwa Waingereza. Naam, Waingereza! Akauawa mwezi huo huo. Fitrat, mshairi Cho'lpon na mwandishi wa riwaya Abdulla Qodiriy walipigwa risasi Tashkent tarehe 4 Oktoba. Hukumu ya Fitrat ilitolewa rasmi tarehe 5.

Haya yote niliyamwaga barazani, sauti imepanda, mzee komredi ananitazama kama mtoto aliyevunja kikombe. Muuza kahawa ndiye aliyeuliza swali.

"Na yule Amiri je?"

"Alikimbilia Kabul, ami. Akafa 1944."

"Kwa risasi?"

"Kwa maradhi."

Akatikisa birika kusikia kama kimebaki kitu, akanimiminia mimi kilichokuwemo.