Mfupa Wenye Damu Yake, au Oksijeni ya Chemba?

Ameloblastoma ni uvimbe unaoanzia kwenye chembechembe zinazotengeneza meno. Ni nadra kusambaa mwilini kama saratani, ila ukiachwa hulila taya polepole, mara nyingi bila maumivu. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa Tanzania hufika hospitali uso ukiwa umeshapinda. Kuukwangua hakutoshi, kwa sababu mara nyingi hurudi. Uvimbe mkubwa hukatwa pamoja na sentimita moja au zaidi ya mfupa mzima pembeni yake. Taya la chini likikatwa mbele, kidevu huporomoka na ulimi hukosa pa kujishikiza.

Pengo hilo lizibwe kwa kitu gani, na je, mgonjwa apewe pia oksijeni ndani ya chemba ya shinikizo ili mfupa ushike? Njia ya zamani ni kipande cha mfupa wa nyonga kilichofungwa kwa bamba la titaniamu na skrubu. Upasuaji wake ni mfupi na vifaa vyake si vya ajabu. Lakini mfupa huo unafika ukiwa umekatiwa damu, ukisubiri nyama zinazouzunguka ziuoteshee mishipa mipya. Kwa pengo dogo hufanya kazi vizuri. Likipita sentimita 6 hivi, madaktari wengi huanza kusita.

Njia ya pili ni fibula, ule mfupa mwembamba wa upande wa nje wa mguu, chini ya goti. Hutolewa pamoja na ateri na vena zake, ukakatwa vipande vifuate umbo la taya, kisha mishipa ikaunganishwa na ya shingoni chini ya hadubini. David Hidalgo wa New York alieleza mwaka 1989 jinsi ya kuutumia kujenga taya, na unaweza kutoa urefu wa sentimita zaidi ya 20. Gharama yake ni saa nyingi za upasuaji, mara nyingi timu mbili kwa pamoja, na wauguzi wa kulitazama pandikizi usiku kucha. Damu ikiganda kwenye mshipa mmojawapo ulioungwa, pandikizi zima laweza kufa.

Oksijeni inaingia hapa. Mwaka 1983 Robert Marx, daktari wa Marekani, alitoa hoja kwamba mionzi ya kutibu saratani huua mishipa midogo ya taya, mfupa ukabaki na njaa ya hewa. Tiba yake ilikuwa kumweka mgonjwa ndani ya chemba ya shinikizo, kama ile ya wapiga mbizi, avute oksijeni tupu kwa dakika 90, vipindi 20 au 30 kabla ya upasuaji na 10 baadaye. Mwaka 1985 utafiti wake wa watu 74 waliong'olewa meno baada ya mionzi ulionyesha taya kufa kwa 2 kati ya 37 waliopata oksijeni, dhidi ya 11 kati ya 37 waliopewa penisilini. Ni tofauti kubwa, na kwa miaka mingi hospitali nyingi ziliifuata.

Tafiti zilizofuata zikaitikisa. Ufaransa, mwaka 2004, jaribio la watu 68 ambao taya lao lilikuwa limekufa kwa mionzi lilisimamishwa mapema: waliopona kwa oksijeni walikuwa asilimia 19, kwa tiba bandia asilimia 32. Watetezi walilalamika, na hawakukosea kabisa, kwamba oksijeni haikukusudiwa kusimama bila upasuaji. Lakini jaribio la Uingereza la mwaka 2019 lilihusu upasuaji wa meno kwenye taya lililopigwa mionzi, na taya kufa likawa asilimia 6.4 kwa wenye oksijeni na 5.7 kwa wasio nayo. Faida ile kubwa ya 1985 haikuonekana tena.

Kwa maoni yangu mjadala huu huchanganya wagonjwa wa aina mbili. Mwenye ameloblastoma kwa kawaida hapigwi mionzi. Nyama zake zina damu, kwa hiyo hoja ya Marx mwenyewe haimhusu. Kumpeleka kwenye chemba kila siku kwa wiki kadhaa, na nauli na pa kulala juu yake, ni kumtibia ugonjwa asio nao. Mwenye saratani ya kinywa aliyekwisha kupigwa mionzi ndiye wa kufikiriwa, na hata huyo, fibula humletea damu kutoka mguuni, mahali ambapo mionzi haikufika. Chemba ningemwachia yule ambaye mishipa ya miguu imeziba, au mwili hauwezi kuhimili upasuaji mrefu, akabakiwa na mfupa wa nyonga kwenye nyama zilizoungua. Shilingi ikiwa ni moja tu, ningemsomesha daktari wa kuunganisha mishipa chini ya hadubini kabla ya kununua chemba.

Halafu kuna jambo la bei rahisi kuliko yote mawili, ambalo husahaulika wagonjwa wakiharakishwa: kumpitisha mwenye saratani kwa daktari wa meno kabla ya mionzi, meno mabovu yang'olewe, na kidonda kipewe wiki mbili au tatu kifunge.