Chokaa na Mabaibui Meusi

Mshenga alileta habari siku ya Jumanne: wageni wa kumposa binti yetu wangefika Jumapili kutoka Muheza. Mke wangu akazitazama kuta za sebule, akanitazama mimi, akazirudia kuta. Hakusema neno. Ukiona mke wa Kitanga kanyamaza hivyo, jua kesi imeshahukumiwa.

Nyumba yetu iko Ngamiani, ni ya kizamani, kaiacha marehemu babu: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku. Kuta zake kuanzia chini hadi usawa wa kifua zina rangi ya mafuta, kijani kile cha zahanati, na kutoka hapo kwenda juu ni chokaa ambayo siku hizo ilishakuwa rangi ya chai ya maziwa. Nikamwita fundi rangi. Akazunguka, akagonga ukuta kwa kidole kama daktari anayesikiliza kifua.

"Mzee, hapa kazi ipo. Hii ya mafuta lazima ipigwe msasa yote, tuje na skimu ya kulainisha ukuta, ndipo rangi. Ufundi peke yake nipe laki na ishirini."

"Laki na ishirini! Kupaka ukuta?"

"Kupaka ni mwisho, mzee. Kazi ni msasa."

Nikamwambia nitampigia. Nikaenda zangu dukani, mfuko mmoja wa chokaa wa kilo 25 na brashi pana, jumla haikufika 20,000. Hebu fikiria: Tanga hii, ambako mapango ya Amboni yenyewe ni mawe ya chokaa, mimi niuziwe ufundi wa chokaa? Wakati ananirudishia chenji, muuzaji akaniuliza, "Chumvi unayo nyumbani?" Nikamjibu ipo tele. Nilidhani ananitania mambo ya mboga.

Wanaojua kazi hii huilaza chokaa majini usiku kucha, ikaiva, asubuhi wakaichuja kwa kitambaa. Yangu niliilaza muda wa kunywa vikombe viwili vya kahawa. Madonge yalipokataa kuvunjika kwa mti, nikazamisha mkono hadi kwenye kiwiko nikayafinyanga moja moja kama mtu anayekanda maandazi. Mke wangu akaniuliza haichomi? Nikamwambia mikono ya mwanamume haichomwi na unga.

Basi nikaanza, Jumamosi saa nne. Mkono wa kwanza, sioni kitu. Ukuta umelowa tu, umebaki na uchai wake uleule kama nimeumwagia maji. Nikajua muuzaji kanipiga. Nikapaka wa pili. Wa tatu nikaongeza unga ndoo ikawa uji. Huku chini kwenye rangi ya mafuta ndiko kulikuwa na vituko: chokaa ilikuwa inateremka kama mvua kwenye jani la mgomba, nami naikimbiza na brashi, nairudisha juu, inateremka tena. Dawa yake nikaona ni kuipaka nene. Nikaipaka nene. Sebule, ukumbi, hadi ukuta wa barazani. Nikalala na hasira, bado ukuta hausomeki.

Kumbe chokaa ikiwa mbichi hujificha, ikikauka ndipo inajitokeza. Alfajiri nafungua mlango wa chumba, nusura nifumbe macho. Nyumba nyeupe pee! Mke wangu akapiga kigelegele peke yake, kabla hata ya kuswaki. "Baba watoto, kumbe una mkono!" Nikanywa kahawa yangu barazani nimekunja nne, nikimsubiri fundi apite nimsalimie. Hakupita.

Wageni wakaja. Wanaume barazani, wanawake sebuleni juu ya mikeka, migongo ukutani, maongezi yakakolea. Posa ikaenda vizuri kabisa. Taabu yangu ilikuwa mikono, maana usiku ilikuwa imepauka na kupasuka kama shamba la kiangazi, na sasa limeletwa pilau na kachumbari imekamuliwa ndimu. Tonge la kwanza likanitoa machozi. Baba wa kijana akanishika bega: "Usilie, mwenzangu, binti haendi mbali. Muheza hapo tu." Nikamwachia aamini hivyo.

Ndipo mtoto mmoja aliyekuja na wageni akapaza sauti kutoka ndani: "Bibi kalalia unga!"

Bibi mwenyewe alikuwa shangazi wa kijana, ndiye aliyesimama wa kwanza kwenda kunawa. Baibui jeusi, na mgongoni chokaa kuanzia mabegani hadi kiunoni. Wenzake wakainuka kumtazama, na kila aliyeinuka akawa ana ya kwake. Ukutani palibaki vivuli saba vya kijani, vimepangana, ungeweza kuhesabu nani alikaa wapi na nani ni mnene. Sisi wa barazani tulisitiriwa na kanzu nyeupe, isipokuwa mshenga, aliyekuwa amejitia koti jeusi juu yake.

Mke wangu hakutetereka. Akaleta beseni na vitambaa vya maji, yeye na binti wakawafuta mmoja mmoja. Na kweli, ikatoka! Migongo ikawa myeusi tii kama mwanzo. Shangazi akageuka mbele ya kioo, akaridhika, akacheka, akasema ndiyo mambo ya nyumba mpya. Wakaondoka kwa vigelegele. Nami nikashusha pumzi, mtu mzima nimesahau somo la usiku uleule.

Haikutimia saa nzima, mshenga akanipigia. Sauti yake ilikuwa ya chini, nyuma yake nasikia wapiga debe wa stendi ya Kange.

"Bwana, mabaibui yamekauka."

"Eh?"

"Yamekauka. Sasa ni meupe kushinda mwanzo, mgongo mzima. Watu hapa wanatuuliza kama tunatoka kuchimba. Binti yenu wamemkubali, wao hawana neno. Ila shangazi anasema hela ya dobi ya mabaibui saba itakatwa kwenye mahari. Na harusi iwe kwenye ukumbi wa kukodi."

Binti alikuwa anaosha sufuria, na simu yangu ina spika kama ya msikiti. "Mahari ni yangu mimi!" akafoka. "Ya dobi atoe aliyepaka!"

Usiku nikampigia fundi. Nikamweleza taratibu, nikizunguka zunguka. Akasema sasa ni laki na themanini, sitini ni za kuondoa nilichoweka. Nikakaa kimya, naye akakaa kimya.

"Mzee," akaniuliza, "chumvi ulitia?"