Msuli Haujui Kusukuma

Weka kiganja cha kushoto juu ya kigasha cha kulia, karibu na kiwiko, kisha chezesha vidole vya mkono wa kulia. Unahisi nyama ikitembea huko juu? Vidole vyenyewe havina misuli ya kuvikunja. Vinavutwa na kano, kamba ngumu zinazotoka kwenye kigasha, zikapita kifundo cha mkono na kushika mifupa ya vidole.

Kwa maoni yangu somo la misuli lingeanzia hapo, si kwenye ule mchoro wa mkono uliokunjwa ukavimba. Mchoro ule unatufanya tuamini kwamba nguvu ni kukaza tu. Msuli unajua kuvuta, basi. Hata unaposukuma mlango, ni msuli wa nyuma ya mkono umevuta mfupa, kiwiko kikanyooka, huku mwenzake wa mbele akilegea kumpisha.

Huko kulegea ndiko tunakokudharau, na ndiko kunakonistaajabisha zaidi. Msuli ni mafungu ya nyuzi, na kila uzi ni seli moja ndefu. Ndani yake mna vipande vidogo mno, sakomea, kila kimoja kina urefu wa maikromita 2 hivi. Humo protini mbili, aktini nyembamba na mayosini nene, zimepishana. Mwaka 1954 wanasayansi Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, na kwa upande wao Hugh Huxley na Jean Hanson, walionyesha kwamba nyuzi hizo za protini hazijikunji; zinateleza, hii kando ya ile. Neva ikileta amri, kalsiamu humwagika ndani ya seli, na vichwa vya mayosini hushika aktini, huvuta, huachia, hushika tena mbele kidogo, kama mtu avutavyo kamba ya ndoo kisimani.

Sasa tazama: kichwa cha mayosini hakiachii mpaka kipate molekuli mpya ya ATP, nishati ya seli. Ndiyo sababu maiti hukakamaa. ATP imekwisha, vichwa vimebaki vimeng'ang'ania. Na kalsiamu nayo hairudi ghalani yenyewe, hupampiwa, tena kwa ATP hiyo hiyo. Kwa hiyo anayekuambia "legeza mabega" hakuambii upumzike tu. Kuna kazi inafanyika humo.

Mara ya kwanza nilipopanda mlima nilijiandaa kwa kupanda tu. Kupanda kulinichosha pumzi, kukaisha. Kushuka nikakuona mteremko wa bure, kumbe kila hatua misuli ya mbele ya mapaja ilikuwa inavuta huku ikirefushwa, ikinishikilia nisiporomoke. Kuvuta kwa namna hiyo ndiko kunakochubua nyuzi kuliko kote, na maumivu yake huja kesho yake, wala hayatokani na ile asidi ya laktiki inayosingiziwa kila siku, ambayo huwa imeshaondoka muda mfupi baada ya zoezi. Asubuhi nilishuka ngazi kinyumenyume, mikono yote miwili kwenye ukuta. Tangu siku hiyo, nikiinua uzito, nahesabu pia sekunde za kuushusha.