Daraja la Manda lisiwe la magari

Maongezi ya daraja la kuunganisha kisiwa chetu cha Amu (Lamu) na kisiwa cha Manda hayaishi barazani. Msafiri anayewahi ndege huko Manda huku bahari imechafuka hulitaja, na mwenye kiwanja Manda hulitaja kwa sauti kubwa zaidi. Mimi silipingi. Ninalolipinga ni daraja la magari. Mji wetu uliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001 ukiwa na vichochoro ambamo punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu. Magari yanaishia Mokowe, upande wa bara, na yaendelee kuishia huko.

Basi, likijengwa, liwe la miguu, baiskeli na punda.

Kazi ya kwanza ni mlingoti, maana daraja lazima lipishe majahazi. Jahazi likitweka tanga, ncha ya foromali, yaani boriti inayobeba tanga, hupita juu ya mlingoti wenyewe. Sasa piga hesabu. Mpando ambao bibi mwenye kikapu au kijana mwenye baiskeli ya mzigo anaumudu bila kuhema ni wa 1 kwa 20, yaani kila mita moja ya kwenda juu inataka mita 20 za njia. Tuseme daraja liwe mita 15 juu ya maji: hizo ni mita 300 za mpando kila upande. Zitatua wapi mtaani Mkomani? Juu ya dari za watu?

Kwa hiyo liwe la chini, lenye kipande cha kufunguka. Si jambo geni. Mombasa walijengewa la kuelea pale Liwatoni, la waenda kwa miguu, lenye sehemu ya kupisha meli. Gateshead, Uingereza, kuna la miguu na baiskeli lililofunguliwa mwaka 2001: likitakiwa kupisha chombo, huinuka zima zima kama kope la jicho.

Kazi ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa sababu sisi ni watu wa zefe, maandamano ya kuimba na kupiga matwari (matari). London walifungua Daraja la Milenia Juni 2000, watu wakalijaa, likaanza kuyumba kushoto na kulia. Halikuwa bovu. Kila hatua ya mtu husukuma kando kidogo. Sakafu ikianza kucheza, kila mmoja hujiweka sawa kwa kuufuata mchezo wake, na misukumo ile midogo ikawa mmoja mkubwa. Siku mbili tu likafungwa, likarudi mwaka 2002 baada ya kutiwa vifaa vya kumeza mtikisiko. Na wale walikuwa wakijiendea tu, bila matwari! Mhandisi asiyewahi kuona zefe la Maulidi asiikaribie kazi hii.

Sakafu nataka mbao ngumu, si wavu wa chuma. Punda akiona maji chini ya kwato hasogei, hata umsukume. Chuma kingine chote kitaliwa na chumvi, kwa hiyo fedha za matengenezo zitengwe tangu mwanzo. Mlangoni ziwekwe nguzo zinazopitisha punda na shogi lake la mizigo. (Pikipiki nayo itapenya hapohapo, najua. Hilo ni la askari, si la nguzo.)

Na kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa, waitwe manahodha wa boti za kwenda uwanja wa ndege. Daraja litawagusa mfukoni, na ndio wanaojua mkondo unakaza wapi maji ya bamvua yakipwa.