Wapiganaji wa Nachingwea na wavamizi wa Kitaya: tuwapime kwa mzani gani?

Nani ni mpigania uhuru, na nani ni gaidi? Huku kusini mwa Tanzania tuna deni la kulijibu swali hili kuliko mikoa mingine. Tumewahifadhi watu walioitwa magaidi, na tumezika watu waliouawa na magaidi. Kote wahusika walivuka mto uleule wa Ruvuma wakiwa na bunduki. Kijana wa Mtwara akiuliza tofauti iko wapi, kumjibu kwamba "wale walikuwa wenzetu" hakutoshi.

Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Vita vyake vilianza Septemba 1964 kule Chai, mkoa wa Cabo Delgado kaskazini mwa Msumbiji, na kambi yake kuu ya mafunzo ikawa Nachingwea, pale Farm 17, jina lililobaki tangu mradi wa karanga wa Waingereza. Tunachokisahau ni kwamba kwa sheria za Lisbon, Msumbiji haikuwa koloni. Tangu 1951 iliandikwa kuwa mkoa wa Ureno ulio ng'ambo ya bahari. Kwa hesabu hiyo, Samora Machel na wenzake walikuwa wanataka kumega nchi ya watu kwa mtutu wa bunduki, na Wareno waliwaita magaidi bila kuuma maneno. Tanzania nayo ilikuwa, kwa lugha ya leo, mfadhili wa ugaidi.

Oktoba 2020 ikaja Kitaya, kijiji cha Mtwara Vijijini kilicho kando ya mto. Watu wenye silaha walivuka kutoka Cabo Delgado, wakaua wanakijiji na kuchoma nyumba. Bonde lile ni la wakulima wa mpunga na wavuvi. Kuna wenye nyumba huku na shamba ng'ambo, ndugu wa Kimakonde wako pande zote mbili, na mtumbwi ndio daladala yao. Ghafla kuvuka kwenda kupalilia kukawa jambo la kuhatarisha roho, na ukikutana na askari inabidi ueleze wewe ni nani.

Wapo wanaosema suala ni jepesi: anayechukua silaha dhidi ya dola ni gaidi, basi. Hoja yao ina uzito kuliko tunavyopenda kukiri. Mwaka 1964 kule Cairo, wakuu wa nchi huru za Afrika walikubaliana kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni, kwa sababu kila kabila likidai lake bara zima lingewaka moto. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa kuzuia ugaidi, uliopitishwa Algiers mwaka 1999, unasema mapambano ya watu dhidi ya ukoloni, uvamizi na kutawaliwa na wageni si ugaidi, hata yakiwa ya silaha. Frelimo inapita mlango huo moja kwa moja. Anayetaka kujitenga na serikali ya Kiafrika haupiti kirahisi.

Ila hapa naona viongozi wetu walijiandikia msamaha kisha wakafunga mlango nyuma yao. Nyerere mwenyewe aliitambua Biafra, iliyokuwa imejitenga na Nigeria, Aprili 1968, akiona kwamba dola iliyoshindwa kulinda uhai wa sehemu ya raia wake haiwezi kuwalazimisha kubaki. Eritrea ilipata uhuru wake mwaka 1993, na Sudan Kusini mwaka 2011, baada ya miaka mingi ya vita. Waasi wa jana leo wana mabalozi. Na jirani zetu wa Mombasa, waliokuwa na kauli ya "Pwani si Kenya", kundi lao lilipigwa marufuku mwaka 2010, na mwaka 2012 Mahakama Kuu ikaifuta marufuku ile. Kudai kujitenga peke yake si ugaidi. Linaweza kuwa dai baya au la kipuuzi, lakini ni dai la kisiasa.

Kwa hiyo mimi siangalii mtu anadai nini, naangalia bunduki yake imemwelekea nani. Itifaki ya 1977 ya Mikataba ya Geneva inavitambua vita vya ukombozi, na papo hapo inakataza vitendo ambavyo lengo lake kuu ni kuwatia raia hofu. Kundi la Cabo Delgado lilianza Oktoba 2017 kwa kushambulia vituo vya polisi Mocímboa da Praia. Lingeishia hapo, tungebishana sana kuhusu jina lake. Halikuishia hapo. Lilianza kuchinja wanavijiji, na mchinjaji wa mkulima wa mpunga hahitaji mjadala.

Mzani huo ukiukubali, usiuweke pembeni ukifika kwa marafiki. Frelimo ilitega mabomu barabarani, na bomu la ardhini halichagui askari na abiria. Nachingwea hiyohiyo, mwaka 1975, Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Frelimo, alisomeshwa hadharani maungamo ya usaliti, na baadaye aliuawa bila mahakama. Huo sio ugaidi kwa maana niliyoieleza, lakini ni doa, na kulificha ni kuwadanganya wanetu. Serikali nazo zipimwe hivyohivyo. Desemba 1972 makomando wa Ureno waliua mamia ya wanakijiji kule Wiriyamu, mkoani Tete, na hao walikuwa jeshi la dola lenye sare na bendera.

Kuna hatari nyingine ya kulitumia jina hili ovyo. Mwaka 2013 Mtwara ilichafuka kwa sababu ya gesi. Kulikuwa na vurugu, mali zilichomwa, watu walikufa, wanajeshi wakaletwa mitaani. Malalamiko yalifanana na ya ng'ambo: utajiri uko kwetu, faida inakwenda kwingine. Wako waliotaka kutuona kama maadui wa taifa. Hatukuwa maadui. Tulikuwa raia wenye hasira, na anayeshtakiwa kwa ugaidi hapa nchini hapati dhamana, kwa hiyo jina hilo likibandikwa kwa mwenye hasira tu, anaweza kusota mahabusu muda mrefu kabla ya kuthibitishwa lolote.

Wengine watasema gaidi hazungumzwi naye. Sikubaliani. Renamo, waasi waliopigana na serikali ya Frelimo baada ya uhuru, ililaumiwa kwa mauaji ya Homoíne, kusini mwa Msumbiji, mwaka 1987, raia waliuawa kwa mamia, na bado Oktoba 1992 ilitia saini mkataba wa amani kule Roma, kisha ikaingia bungeni. Vita vilikwisha. Kilichokosekana ni kesi: sheria ya msamaha ilitangulia, na waliopoteza ndugu hawakuulizwa. Ikitokea siku Maputo ikakaa mezani na kundi la Cabo Delgado, nataka serikali yetu idai kiti kwa ajili ya Kitaya, na idai majina ya walioua yafike mahakamani kabla ya mtu yeyote kupewa cheo.